Mwanamume Asiyeruka Foleni

Kwetu Toledo, Ohio, mwanamume akikupenda utajua kabla kahawa yako haijapoa. Mume wangu wa kwanza, Randall, alikuwa akiniambia ananipenda mara thelathini kwa siku. Aliniambia hata asubuhi ile aliyouza gari langu. Kwa hiyo asitokee mtu wa kunifundisha maneno matamu yanauzwa bei gani. Bei naijua. Nililipa kwa awamu.

Ndiyo maana naona haya kidogo kusimulia kwamba Jumapili moja ya mwisho wa Oktoba, nikiwa na miaka thelathini na tisa na akili zangu timamu, nilikwenda kula chakula cha mchana kwa mama yake Stuart Lumb huku moyo wangu wote ukisubiri neno moja. Baki. Neno dogo, hata mtoto anayejifunza kusema analimudu. Stuart alikuwa na miaka arobaini na moja, na lilikuwa limemshinda tangu Alhamisi.

Alhamisi ndiyo niliyomwambia habari ya barua. Hospitali niliyoiacha Toledo ilikuwa imeniandikia: nafasi yangu ipo, mshahara umeongezwa, nijibu kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Tulikuwa jikoni kwangu, soksi zangu zikikauka juu ya rediata ya kupashia nyumba joto, zimejipanga kama samaki. Stuart alikoroga chai isiyokuwa na sukari. Akakoroga tena.

"Ni nafasi nzuri," akasema.

"Nzuri."

"Uamuzi ni wako, Darlene. Mimi siwezi kukuamulia."

Akaosha kikombe chake, akanibusu kwenye paji la uso, akaenda zake. Nikabaki natazama soksi.

Nilikuwa nimeishi Huddersfield miaka miwili, nikinyoosha magoti na mabega ya watu hospitalini, na nilidhani Uingereza nimeshaizoea. Nilizoea nyumba nyembamba iliyobanwa na jirani huku na huku, pango lake likimeza nusu ya mshahara kabla sijanunua hata mkate. Nilizoea kwamba televisheni inakatiwa leseni kila mwaka kama bunduki, kwamba mashine ya kufulia hukaa jikoni, kwamba friji inakufika kiunoni, na kwamba petroli mtu huijaza huku amefumba macho. Upande wa pili, baridi ya mwaka wa kwanza niliteleza kwenye barafu nikavunjika kifundo cha mguu, wakanifunga, wakanipa magongo, nami nikakaa mwezi mzima naogopa kufungua barua kwa sababu nasubiri bili ya hospitali. Bili haikuja. Nililia siku nilipoelewa kuwa haiji. Kwa hiyo sikuwa na ugomvi na bei za watu. Huku wanakukamua, kule wanakukanda. Kitu cha ghali nisichoweza kukizoea kilikuwa maneno.

Si kwamba hawasemi. Dereva wa basi ananiita mpenzi. Muuza nyama ananiita mpenzi. Mzee aliyekuja kusoma mita ya gesi aliniita mpenzi mara nne na chai yake hakuimaliza. Ni Stuart peke yake, aliyekuwa akilala ameshika mkono wangu kifuani kama mtu anayelinda kitu kisiibiwe, ndiye aliyeniita Darlene.

Tulikutana kwa sababu ya pipa la taka. Alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Asubuhi moja alinigongea, kofia mkononi, uso mwekundu, akasema, "Samahani sana. Si jambo langu kabisa. Lakini leo ni siku ya pipa la kijani." Kule kila rangi ya pipa ina siku yake ya kuzolewa, na mimi nilikuwa nimetoa jeusi. Alikuwa amesimama nje dakika kumi, alikuja kuniambia baadaye, akitafuta namna ya kulisema hilo bila kuniudhi. Mwanamume wa kumpa mtu dakika kumi kwa ajili ya pipa. Ningefanyaje nisimpende?

Kazi yake ni kujenga kuta za mawe kule vilimani, zile zisizotiwa saruji, jiwe likishikwa na jiwe kwa uzito wake tu. Mikono yake imekwaruzwa kila mahali. Haongei akiwa kazini, na akitoka kazini anaendelea pale pale alipoachia.

*

Bi. Sheila, mama yake, alikuwa mjane wa miaka sabini na tatu, mwembamba, mnyoofu, nywele zimetengenezwa kila Ijumaa. Yeye pia aliniita mpenzi, ila la kwake lilikuwa na barafu.

"Karibu, mpenzi. Umekuja na koti jepesi."

"Sikujua kutakuwa na baridi hivi, Bi. Sheila."

"Baridi? Leo ni siku nzuri."

Ndani mlikuwa na baridi kuliko nje. Nakuambia niliona pumzi yangu kwenye korido. Stuart alikwenda jikoni kumsaidia mama yake kutoa nyama kwenye oveni. Mezani alikuwa ameshakaa Anko Clifford, mume wa marehemu dada yake Bi. Sheila, mzee mnene mwenye sweta mbili, anakula pale kila Jumapili. Mimi nilibaki koridoni nikijifanya naning'iniza koti. Ukutani, kando ya picha ya marehemu baba Lumb, kulikuwa na kile kidude cha mviringo cha kuwashia joto. Mshale ulikuwa umelala kabisa, kama umekufa.

Sasa, mimi ni Mmarekani. Kwetu ukisikia baridi unawasha joto, kama ambavyo ukisikia kiu unakunywa maji. Nilikizungusha kile kidude mpaka nyuzi ishirini na nne, nikasikia mabomba yakigutuka huko ndani ya kuta, nikaenda kuketi, nimeridhika.

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Katika nyumba ile, na nyumba nyingi za watu wa rika la Bi. Sheila, joto haliwashwi kabla ya Novemba. Hata theluji ianguke. Si suala la pesa, au si pesa peke yake. Ni heshima. Anayewasha Oktoba ni mtu aliyeshindwa na maisha.

Tulikula nyama ya ng'ombe, viazi vya kuoka, karoti, kabichi, na vile vikombe vya unga uliookwa wanavyoviita pudini, vyote vikiogelea kwenye mchuzi mzito wa kahawia. Bi. Sheila alisogeza sahani yenye kiazi kimoja kilichobaki.

"Kuna kiazi hapa. Kuna mtu anakitaka?"

"Hapana, hapana," akasema Anko Clifford, akikitazama kwa macho ya mtu anayeagana na mwana.

"Mimi nimeshiba," akasema Stuart.

"Asante," nikasema mimi, nikakichukua.

Kumbe kule kiazi cha mwisho huulizwa tu, hakichukuliwi. Anko Clifford alikifuata kile kiazi kwa macho mpaka mdomoni mwangu. Nilipokuwa nakitafuna ndipo nilipoanza kuona kwamba paji lake linang'aa jasho.

Joto lilikuwa limefika. Liliingia mezani kama mgeni wa tano. Anko Clifford alivua sweta ya kwanza. Baada ya muda, ya pili. Bi. Sheila alijipepea na kitambaa cha mkono, mara moja, akakiweka. Kioo cha dirisha kilishaanza kutiririka maji. Na hakuna, nawaapia, hakuna aliyesema kitu. Walizungumza juu ya daraja lililofungwa na juu ya mbwa wa jirani.

Mwishowe Bi. Sheila akasema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Kuna joto kidogo leo, au ni mimi tu?"

"Mimi sijaona," akasema Anko Clifford, shati limemganda mgongoni.

Nikafungua mdomo kusema. Stuart akawahi.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nimewasha nilipoingia. Nilisikia baridi begani."

Bi. Sheila alimtazama. Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika kwa habari ya bega. Kisha akanitazama mimi.

"Hamna shida kabisa," akasema, na akaenda kufungua dirisha.

Niliwahi kuambiwa na wauguzi wenzangu hospitalini kwamba Mwingereza akisema hamna shida ni nzuri, lakini akisema hamna shida kabisa, tafuta viatu vyako.

*

Baada ya kula, Bi. Sheila aliosha vyombo na mimi nikapangusa. Aliviweka kwenye kichanja na povu lake, bila kuvisuuza, nami nikapangusa povu nimefunga mdomo, kwa sababu kwa siku moja nilikuwa nimeshafanya ya kutosha.

"Stuart hajawahi kukigusa kile kidude," akasema, mgongo amenipa. "Tangu azaliwe."

Nikapangusa sahani ile ile mara ya pili.

"Baba yake ameingia kaburini hajakigusa Oktoba."

"Ni mimi, Bi. Sheila. Nisamehe. Nilikuwa nasikia baridi mpaka kwenye meno."

"Najua ni wewe. Ungeomba sweta."

"Ungenipa?"

"Ningekupa. Ningekusema ukishaondoka, lakini ningekupa."

Nusura nicheke. Yeye hakucheka. Aliacha sahani majini, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Gesi sijali. Ninachokisema ni kwamba mwanangu amenidanganya mezani kwangu, ananitazama machoni, kwa ajili yako. Hajawahi. Alipokuwa mdogo alivunja dirisha la kanisa akaja mwenyewe kuniambia, mpira kwapani. Leo ananidanganya na bega halimuumi."

"Hakukusudia ubaya."

"Nani amesema ubaya?" Akageuka. Macho yake yalikuwa yale yale ya Stuart, ya kijivu, ya kuangalia mbali. "Mpenzi, binti yangu Gillian aliolewa na mtu wa Perth, Australia. Akaniambia, mama, miaka miwili tu. Huu wa kumi na tatu. Wajukuu wangu wananionyesha meno yao kwenye simu. Sasa Stuart ananiambia una barua kutoka kwenu."

"Ninayo."

"Ukienda, atakufuata. Hatasema. Atakaa miezi sita, halafu siku moja ataweka nyundo zake kwenye sanduku na kuniambia anatoka kidogo. Nami nitabaki na Clifford." Akashusha pumzi. "Sikuchukii. Usije ukadhani. Lakini kama unakwenda, nakuomba umkate kabisa. Usimwachie uzi wa kushika."

"Bi. Sheila, unaogopa bure. Hajaniambia atanifuata. Hajaniambia hata nibaki."

"Hajasema?"

"Hajasema."

Alitaka kuniambia jambo, niliona midomo yake inalitafuta. Lakini mlango ulifunguka, akaingia Stuart na bakuli la mchuzi.

"Mnaongea nini?"

"Hali ya hewa," tukasema wote wawili.

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Na mimi, labda ni povu, labda ni zile jozi mbili za macho ya kijivu, labda ni umri, nikaona sina tena nguvu ya kusubiri. Nikaweka kitambaa chini.

"Stuart. Kesho saa sita mchana natakiwa kuwajibu. Nakuuliza hapa, mbele ya mama yako, ili tusije tukaulizana tena. Unataka nibaki?"

Masikio yake yakawa mekundu. Alimtazama mama yake. Alilitazama bakuli. Mimi alinifikia mwisho.

"Sitaki niwe mtu wa kukuzuia, Darlene. Ufanye lililo jema kwako."

"Sijauliza jema kwangu. Nimeuliza unataka nini wewe."

"Nataka uwe na furaha."

"Ahsante. Hata muuza nyama ananitakia furaha."

Nikakausha mikono. Nikamshukuru Bi. Sheila kwa chakula, nikamwambia nyama ilikuwa laini sana, na ilikuwa kweli.

"Hungojei chai?" akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye nyumba yake inaungua na wageni bado hawajapewa biskuti.

"Kuna basi la saa tisa na robo," nikasema, nikatoka.

*

Nilishuka kilima huku nimekunja mikono kifuani. Manyunyu yalikuwa yameanza, yale ya Huddersfield yasiyonyesha wala yasiyoacha. Kituoni sikukuta mtu. Nilisimama mbele, penye nguzo, nikijisema. Darlene, uliapa hutamlilia tena mwanamume anayesema sana. Hukuapa lolote juu ya anayenyamaza, kwa nini hukuapa? Kimya kingi kina mshindo, husema wahenga, lakini mimi nilikuwa nimetega sikio mwaka mzima na mshindo sikuusikia.

Akaja bibi mmoja mwenye kofia ya zambarau na kikapu cha magurudumu, akasimama nyuma yangu. Akaja bwana mwenye mbwa mdogo aliyelowa, akasimama nyuma ya bibi.

Akaja Stuart, anakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alikuwa na koti langu mkononi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikulivaa.

Akaona foleni. Akasimama nyuma ya mbwa.

"Darlene," akaita, kwa sauti ya chini.

"Stuart."

"Umesahau koti."

"Lilete."

Akatazama bibi, akatazama mbwa. Akampa bwana mwenye mbwa lile koti. Bwana akampa bibi. Bibi akanipa mimi.

"Koti zuri, mpenzi," akasema. "Jepesi kidogo."

"Ahsante, mama." Nikalivaa. "Stuart, kama una la kusema njoo mbele."

"Kuna foleni."

"Ni watu wawili na mbwa."

"Ndiyo foleni yenyewe."

Nilifunga macho. Nilipoyafungua bado alikuwa pale, mvua ikimdondoka kwenye nyusi, miguu yake imekanyaga mahali pake halali kama nguzo ya mpaka.

"Basi sema hapo hapo ulipo."

Bibi mwenye kofia akainua uso kutazama mawingu. "Itaongezeka hii," akasema.

"Ndivyo walivyotangaza," akasema bwana mwenye mbwa, naye akaanza kusoma ratiba ya basi kwa makini makubwa. Walikuwa wanajifanya hawasikii, na mbavu zao zote zimegeuka masikio.

Stuart akakohoa.

"Alhamisi uliponiambia ile barua," akasema, "nilikwenda kazini Ijumaa nikajenga mita tatu za ukuta. Nikazitazama. Nikazibomoa zote. Jana nikazijenga tena. Nikazibomoa tena. Mwenye shamba alikuja kuniuliza kama nimeugua."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mawe mabaya."

"Na mimi, kwa nini hukuniambia?"

Alipangusa mvua kwenye nyusi. Mbwa akapiga chafya.

"Kwa sababu ningekuomba, ungebaki," akasema. "Wewe ni mtu wa hivyo, ukiombwa unatoa. Halafu mwaka mmoja mvua itanyesha wiki tatu, bili ya gesi itakuja, mama atakuwa amesema jambo, utanigeukia uniambie, Stuart, nilikuwa na maisha yangu, wewe ndiye uliyenizuia. Na utakuwa umesema kweli. Nilitaka uchague bila mkono wangu mgongoni. Nilidhani hiyo ndiyo heshima."

"Kwetu mtu asiyekuomba ubaki amekufungulia mlango utoke."

"Kwetu mtu anayekuomba ubaki ameufunga."

Tukatazamana juu ya kofia ya zambarau. Mwaka mzima tulikuwa tumelala kitanda kimoja na hatujawahi kuwekeana jambo hili mezani. Nilikuwa nimemwona ana moyo baridi. Kumbe muda wote alikuwa anashikilia mlango uwe wazi, mkono unamuuma, akingoja niseme mwenyewe kwamba siendi.

Basi likatokea chini ya kilima, taa zake zimewaka.

"Linakuja," nikasema.

"Naliona."

"Nikipanda, nitafika nyumbani, nitafungua kompyuta, nitawaandikia. Nitawaandikia nini, Stuart?"

Basi likapanda kilima polepole, likinguruma. Lilikuwa limefika kwenye duka la muuza maua. Likafika kwenye sanduku la posta. Stuart akalitazama basi, akanitazama, akatazama watu wawili na mbwa waliokuwa kati yetu, na nikaona kitu usoni pake kama mtu anayesimama ukingoni mwa maji akiwa hajui kuogelea.

Akatoka kwenye nafasi yake.

"Samahani," akamwambia bwana mwenye mbwa, akampita.

"Kuna foleni hapa," akasema yule bwana, si kwa ukali, kwa mshangao tu.

"Najua. Samahani sana. Samahani, mama."

"Pita, mwanangu, pita," akasema bibi, akavuta kikapu chake pembeni. "Tumesubiri vya kutosha."

Akasimama mbele yangu. Uso wote ulikuwa mwekundu, mpaka shingoni. Mikono yake iliyokwaruzwa ilikuwa inaning'inia, haina kitu, haijui ijiweke wapi. Randall aliponiomba nibaki, zamani zile, alikuwa ameshika mikono yangu yote miwili, na karatasi za gari langu zilikuwa mfukoni mwake. Nilitazama mikono ya Stuart. Haikuwa imeficha lolote.

"Baki," akasema. "Nakuomba. Sikuombi kwa adabu, nakuomba tu. Nakupenda na nataka ubaki, na ukijuta miaka kumi ijayo nitabeba lawama, nimezoea kubeba vizito."

Basi likasimama. Mlango ukafunguka, ukapumua.

"Mnapanda, wapenzi?" akauliza dereva.

"Wape dakika," akasema bibi mwenye kofia.

"Mama yangu, nina ratiba."

"Na mimi nina miaka themanini na mbili. Wape dakika."

Moyo wangu ulikuwa unapiga, lakini kichwa kilikuwa kimetulia kabisa, na hilo lenyewe lilinishangaza. Nimeshawahi kusema ndiyo huku kichwa kinazunguka, najua inavyoishia.

"Sijui kama nitaizoea baridi ya nyumba zenu," nikasema.

"Najua."

"Na mama yako hanitaki."

"Atakutaka. Anachelewa tu. Anko Clifford ilimchukua miaka kumi na moja kukubalika."

"Stuart, nina thelathini na tisa."

"Wewe itakuchukua saba. Umekula kiazi cha mwisho na bado alikuuliza chai."

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na mvua ikaniingia mdomoni. Nikasogea kando ya mlango wa basi, nikampisha bibi apande. Nikampisha bwana na mbwa wake. Dereva akanitazama, nikamtikisia kichwa.

"Nitawaandikia jioni hii," nikamwambia Stuart. "Nitawaambia wampe mtu mwingine ile nafasi. Mimi nabaki."

Mlango ukafungwa. Basi likaondoka, bibi mwenye kofia ameegemeza paji la uso kwenye kioo, ameacha kabisa kujifanya. Barabara ikawa tupu. Stuart alisogea karibu. Alinishika mkono, akaufunika kwa wake, mgumu, wa moto.

"Darlene," akasema mwishowe. "Lile la mwisho ulilosema. Hebu liseme tena. Sikulisikia vizuri, nilikuwa nasikia damu tu masikioni."

Nikamwambia tena, polepole, na safari hii hapakuwa na mtu wa kujifanya hasikii.